Mahindi ya Mbwa

Siku yangu ya kwanza kazini niling'atwa na paka kabla sijaonyeshwa hata mahali pa kuweka mkoba. Alikuwa paka wa rangi ya majivu, wa mama mmoja mwenye duka la vitambaa, na alikuwa amefungiwa ndani ya kikapu cha sokoni akilia kama mtoto. Nilimwonea huruma nikalegeza kamba. Daktari Mkuu, mzee mrefu mwenye miwani iliyoshikiliwa kwa uzi, alinitazama nikinyonya kidole, akasema, "Msichana, huruma ni nzuri. Lakini funga mlango kwanza, funga dirisha, halafu ndiyo uhurumie."

Paka alikuwa ameshapita dirishani. Tulimkuta juu ya paa la kinyozi wa jirani, na ilibidi nipande mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na huruma.

Hiyo ilikuwa kliniki ndogo ya wanyama kando ya mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama ambazo mama yangu aliziita za kumshukuru Mungu tu, na ndoto yangu ya kuwa daktari wa wanyama ilikuwa imebaki ndoto. Nikaandikwa mhudumu: kuosha vizimba, kuchemsha vyombo, na kushika. Kushika ndiyo kazi yenyewe. Daktari anadunga sindano, lakini wewe ndiye umemkumbatia mbwa, unausikia moyo wake ukigonga kwenye mkono wako, na akiogopa anakutazama wewe, hamtazami daktari.

Leo nimestaafu. Watu hucheka nikisema hivyo, maana sina hata unywele mmoja wa mvi. Kifua ndicho kilichonistaafisha, nitafika hapo. Wazee wengine wakiacha kazi hueleza vijana jinsi reli au posta ilivyokuwa zamani. Mimi nawaelezea nyinyi mnaoanza kushika wanyama, na nyinyi mlio na mbwa nyuma ya nyumba, namna majira ya huku kwetu yanavyowaua, na hasa nawaelezea habari ya mbwa mmoja wa Njoro aliyeitwa Bosko. Uhai wa mbwa huyo ulikuwa umeshikilia nyumba ya mtu.

Mjini nilifundishwa na kiangazi. Januari na Februari vumbi jeupe linainuka, linaingia kila mahali, na mbwa wanaletwa macho yametoa tongo yamefunga. Mbwa wengi wa mjini hufungwa mchana na kufunguliwa usiku, na mwenye mbwa akitoka asubuhi kivuli kiko hapa, saa nane kivuli kimeshahama na mnyororo haujahama. Karai la maji nalo limepinduliwa tangu asubuhi. Daktari Mkuu alinifundisha kuvuta ngozi ya shingo na kuiachilia: ikirudi haraka, mbwa ana maji mwilini, ikibaki imesimama kama hema, mbwa amekauka. Halafu akanifundisha ufizi.

"Mnyama hana mdomo wa kusema," alisema, akiinua mdomo wa juu wa mbwa kwa kidole gumba, "lakini ana ufizi. Ukiwa wa rangi ya waridi, sawa. Mweupe, damu imepungua. Manjano, ini linalia. Kila anayeingia hapa, msalimie kwa ufizi."

Basi nikawa nawasalimia hivyo wote. Wengine walinishukuru kwa meno.

Kutoka hapo nilihamishiwa tawi la Gilgil, mvua ndefu zikianza. Aliyekuwa juu yangu pale ni Msimamizi, mama wa makamo aliyewahi kuwa afisa wa mifugo, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Wateja wetu wakubwa walikuwa wenye bucha za Kikopey, kituo cha nyama choma kando ya barabara kuu. Mbwa wa Kikopey wamenona kuliko mbwa wote niliowahi kuwashika, na wanakufa mapema kuliko wote. Mvua ikinyesha nyasi zinaota, kupe wanapanda, na kila ng'ombe anayeletwa kuchinjwa anakuja na kupe wake. Kupe akishiba kwa mbwa anamwachia homa ya kupe. Damu inaharibika, mbwa anachoka, mkojo unakuwa kama chai ya rangi.

Mwenye bucha mmoja alituletea mbwa wake jike akiwa hasimami.

"Huyu hawezi kuwa mgonjwa, madam," alisema. "Huyu anakula nyama kuliko mheshimiwa."

"Anakula mifupa ya kuchomwa?" Msimamizi aliuliza.

"Sasa mifupa nimpe nani? Wateja?"

"Mfupa wa moto unapasuka kama kioo, boss. Unamkata matumbo. Na hapa sikioni, angalia, hizi si mbegu za mpapai, hizi ni kupe."

Yule jike alikufa kabla ya chakula cha mchana, na yule mwanamume mnene, mwenye aproni yenye damu ya mbuzi, alikaa kwenye ngazi yetu akakataa chai. Msimamizi aliniambia jioni, "Usimdharau mtu kwa alichomlisha mbwa wake. Karibu wote huwapa kile wanachoona ni kizuri." Niliyaandika moyoni, lakini sikujua uzito wake.

Kituo changu cha tatu, na cha mwisho, kilikuwa Njoro. Nilifika wakati wa baridi, Julai, ukungu umelala juu ya mashamba ya ngano hadi saa nne. Huko nilikuwa chini ya Daktari Msaidizi, kijana aliyenizidi umri kidogo tu, asiyecheka ovyo. Baridi ya Njoro ilituletea watoto wa mbwa waliokufa wote pamoja, wakiwa wakavu na safi, kama wamelala. Watu huwaonea huruma wanaweka jiko la makaa ndani ya kibanda na kufunga mlango. Moshi wa makaa hauonekani, lakini unaua. Daktari Msaidizi alikuwa akirudia kwa kila mtu: gunia kavu, majani makavu, sakafu iinuliwe na mbao, na jiko libaki nje. Wakikosea alikuwa hawafokei. Alikuwa anakunja mikono ya koti lake, anakunjua, anakunja tena.

Bosko aliletwa mara ya kwanza mwezi huo, kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Alikuwa mbwa wa kahawia, kifua cheupe, na shingoni alivaa kengele ndogo ya mbuzi. Nyuma ya kengele alikuja mzee. Nilimwita Guka, kama tunavyowaita wazee wa rika la babu zetu, naye akaniita *kairitu*, msichana.

"Kengele ni ya nini, Guka?"

"Ni ya mimi," akasema. "Macho yangu yamefunikwa na mtoto wa jicho. Bosko anatangulia, mimi nafuata sauti. Kupeleka maziwa, kanisani, shambani. Akisimama najua kuna shimo."

Mke wake alikuwa amefariki. Kijana wake wa pekee alikuwa na chumba kimoja mtaa wa Rhonda, mjini, na kila akipiga simu alikuwa na neno moja. Guka alituigizia sauti yake: "'Baba, siku huyo mbwa akifa, nakuja na pikapu nakuchukua. Huwezi kukaa huko peke yako hauoni.' Na hajakosea. Kwa hivyo daktari, mnitunzie huyu. Huyu akiwa mzima, mimi niko kwangu."

"Tutamtunza, Guka," Daktari Msaidizi akasema. Bosko alidungwa bila kutikisika, akageuka akamngoja mzee mlangoni.

Mwaka huo mvua haikujua kuondoka. Mahindi yalikauka shambani, yakavunwa, na mvua ikayafuata hadi kwenye maturubai ya kuanikia. Watu walikuwa wakianika saa tatu na kukimbia kufunika saa sita. Halafu wakaanza kupukuchua na kuchagua, na hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu hiyo ni desturi ya kwetu tuliolelewa mashambani na hakuna anayeiona kuwa mbaya. Mnakaa mduara, mnapiga hadithi, mikono inachagua. Rundo moja ni la kula. Rundo la pili ni la kuuza. Rundo la tatu, yale yaliyooza, yenye unga wa kijani na wa kijivu kwenye kitovu, linaitwa mahindi ya mbwa. Hayatupwi. Nani atupe chakula? Yanasagwa, yanapikwa ugali, mbwa wanakula na kuku wanadonoa. Hata mimi nilipokuwa mtoto nilijaza debe zima la mahindi ya mbwa nikasifiwa kwamba nina mikono myepesi.

Bosko alirudi kwetu kwa pikipiki, amekalishwa kati ya dereva na Guka.

"Madam," dereva aliniambia, akishuka taratibu, "huyu abiria wa katikati amenilalia mgongoni njia yote. Hata hageuzi kichwa. Niliogopa nitafika na maiti."

Nilimsalimia kwa ufizi. Ulikuwa wa manjano, manjano ya kiini cha yai.

Ilikuwa majira ya kupe, na manjano pia huletwa na homa ya kupe. Kweli tulimtoa kupe wawili nyuma ya sikio. Daktari Msaidizi akamdunga dawa ya homa hiyo, tukamwekea dripu, maji ya chumvi na sukari yanayoingia kwa mshipa tone kwa tone, na mimi nikashika mguu usikunjwe. Guka alikaa sakafuni. Nilimuuliza anakula nini, kwa sababu Msimamizi alikuwa amenizoesha kuuliza, na Guka akajibu, "Ugali na supu ya mifupa. Mahindi ya msimu huu huu." Ilisikika vizuri. Siku iliyofuata Bosko alisimama, akatikisa kengele. Daktari akamwambia mzee, "Mpeleke nyumbani. Sasa mlishe vizuri, arudishe nguvu."

Nakumbuka alivyofurahi kupewa kazi ya kufanya.

Wiki ile ile akaja mama mmoja kutoka ng'ambo ya mto na mbwa wawili kwenye mkokoteni. Wote manjano. Tuliwapekua masikio, kwapa, katikati ya vidole. Hakuna kupe hata mmoja.

"Wanakula nini, mathe?" Daktari Msaidizi aliuliza.

"Ugali tu. Si ya kwetu, ni ile ya mbwa. Na kuku pia wamenifia. Mwaka huu nimerogwa."

Nikamwona Daktari anakunja mkono wa koti, anakunjua. Akaenda nyuma akanawa mikono ingawa ilikuwa safi. Aliporudi alimweleza yule mama, na mimi nikawa nasikia kwa mara ya kwanza jambo lililokuwa limekaa nyumbani kwetu maisha yangu yote: ule ukungu wa mahindi unatoa sumu, sumukuvu, ile wanayoiita aflatoksini kwenye redio. Moto hauiui. Hata ukichemsha kutwa nzima, iko. Inaenda kwenye ini na kulimaliza polepole, na mbwa hana dalili hadi ini limekwisha.

"Bosko," nikasema.

Tulipanda pikipiki ya Daktari Msaidizi. Njia ilikuwa tope tupu, na kwenye lango la Guka tulisikia kengele kabla hatujaona mtu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo umetugeukia, sufuria kando. Bosko alikuwa amelala na pua mbali na sahani. Guka alichukua tonge, akalichovya kwenye supu, akaliweka kwenye kiganja, akakisogeza kiganja hadi mdomoni. Bosko alikinusa. Halafu akala.

"Haya, kijana wangu," mzee alikuwa akisema. "Moja tena. Daktari amesema ule."

Nilimshika Daktari Msaidizi mkono langoni. "Tusimwambie," nikanong'ona. "Tuseme tumebadilisha dawa, asimpe ugali. Tumpe chakula kingine. Tukimwambia ukweli tutamuua."

"Na gunia je?" akasema. "Kuna gunia huko ndani. Akiliacha bila kujua, jirani atalichukua apikie mbwa wake."

"Basi mwambie gunia limeharibika, usimwambie ndilo..."

"Atajumlisha mwenyewe, usiku, akiwa peke yake. Afadhali ajumlishe tukiwa hapa."

Akaingia. Alichuchumaa mbele ya mzee, akamwambia yote kwa maneno mafupi, na hata lile la kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza alishwe.

Guka alianza kwa kukataa. "Mimi sijanunua sumu," alisema. "Haya ni mahindi ya shamba langu. Mbwa wa baba yangu walikula haya. Wa babu walikula haya. Kairitu, mwambie."

"Ni kweli walikula, Guka," nikasema. "Na walikuwa wanakufa, tukisema wamezeeka, au wamerogwa."

Kiganja cha Guka bado kilikuwa wazi, na Bosko alikuwa analamba kilichobaki. Mzee akakiondoa taratibu, akakifuta kwenye suruali, akakifuta tena.

"Nilikuwa namwongezea," alisema. "Akikataa, namwongezea supu."

Tulimbeba Bosko tukarudi naye, na Guka akaja nyuma kwa pikipiki ya kukodi. Dripu, dawa ya kusaidia ini, maji ya glukosi, kila tulichokuwa nacho na alichokuwa nacho Daktari Mkuu mjini. Lakini ini si kidonda. Alikufa asubuhi ya ukungu, kichwa chake kwenye mkono wangu, na mkono wa Guka umeshikilia mguu ambao mimi ndiye niliyepaswa kuushika. Nilivua kengele nikampa mzee. Aliifunga kwa kitambaa isilie.

Kabla ya kuondoka Njoro alifanya jambo moja. Alichimbisha shimo nyuma ya zizi, akamwaga lile gunia lote humo, akafunika. Akazunguka kwa majirani akishikwa mkono na mtoto wa huyu na wa yule, akiwaambia wamwage rundo la tatu. Wachache walimwaga. Wengi waliangaliana. Mmoja alisema, na nilimsikia kwa masikio yangu, "Mzee amefiwa na mbwa, sasa anataka sisi tuweke matanga." Watu wakacheka. Guka alitabasamu kuelekea sauti hiyo, kama mtu aliyeitwa jina asilolijua, akaendelea nyumba inayofuata. Pikapu ilikuja Jumamosi.

Kifua changu kilianza mwaka uliofuata. Mwanzo kilikuwa kikohozi cha asubuhi, halafu mluzi ndani ya pumzi, halafu siku moja nilishindwa kupanda ngazi nimebeba mtoto wa paka asiye na uzito wa kikombe. Daktari wa watu alinipima akaniambia ni manyoya. Mapafu yangu hayawataki wanyama. Nilicheka mbele yake, maana habari kama hiyo husikika kama mzaha. Halafu nikalia kwenye choo cha hospitali.

Daktari Mkuu aliniaga kwa soda na mkate. Alinihesabu vidole vya mikono yote miwili mbele ya watu, akasema, "Vyote vipo. Hiyo ni kustaafu kwa heshima." Ndiyo hotuba pekee niliyopewa. Sasa nauza mboga na viungo mjini, na jioni naota bado, kwa sababu kuota hakuleti mluzi kifuani. Naota kibanda cha mbwa kila boma, kimeinuliwa na mbao, maji kivulini, na watu wanaouliza kabla ya kulisha.

Nilikwenda Rhonda kumwona Guka. Plot yao, nyumba za kupanga za ua mmoja, ina ukumbi mrefu wa saruji, milango imetazamana, na nguo zinadondoka maji katikati. Mwenye plot haruhusu mbwa. Nilimkuta mlangoni, kwenye kiti cha plastiki, amekonda. Kijana wake alikuwa kazini. Nilimsalimia, akanijua kwa sauti. Tuliongea habari za mvua, za bei ya vitunguu, za macho yake ambayo wamemwahidi kumpasua. Halafu akainamisha kichwa.

"Kairitu, kuna kitu sijamuuliza daktari. Siku zile za mwisho alikuwa anakataa sahani. Ulimwona. Alikuwa anakula tu nikimpa kwa mkono."

"Nilimwona, Guka."

"Kama si mkono wangu, angekula?"

Nilitaka kumwambia hakuna anayejua. Lakini nilikuwa nimewashika mbwa wengi mno. Mbwa mgonjwa wa ini hutapika akinusa chakula tu. Anayekula anakula kwa sababu nyingine.

"La," nikasema. "Hangekula."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa alichokuwa ameagiza. "Nilijua," akasema. "Sasa pole yake nitampa nani?"

Tulikaa. Jirani akamletea chakula chake cha mchana kwenye sahani ya bati, ugali na sukuma. Kutoka jalala la ng'ambo ya lango, akaja mbwa mmoja asiye na mwenyewe, mbavu zinahesabika, sikio moja limekatika. Alisimama nje ya mstari wa lango kama anayejua sheria ya mwenye plot. Guka alisikia kucha zake kwenye saruji. Akainuka, akapapasa ukuta hadi langoni na sahani yake mkononi, na mimi nikamfuata nyuma, kifua kikianza kupiga mluzi.

Alimega tonge. Mbwa akanyoosha shingo. Lakini Guka hakumpa. Alilitia mdomoni mwake, akalitafuna pole pole, uso umeinuliwa, akalimeza. Akasubiri. Mbwa naye akasubiri, anatetemeka. Ndipo mzee akamega la pili kutoka pale pale, akainama, akaliweka chini. Hakulitoa kwa kiganja.

"Nenda mbali kidogo, kairitu," akaniambia, "usiumie kifua. Sisi tutachukua muda."